Nilivyokwenda Harusi ya Ngalula Nikapitia Kana

Nilitoka Kolwezi kwenda Lubudi ili watu wanione nikihuzunika. Ngalula, ambaye nilimpenda tangu tulipoimba pamoja kwaya ya parokia (sikumwambia, nilidhani anaona), alikuwa anaolewa na Kasongo, kijana wa reli. Alinialika mwenyewe: "Usikose, yaya Ilunga." Yaya! Kaka mkubwa!

Asubuhi, stesheni ya Kolwezi, sufuria ya zawadi haikupata nafasi katika begi, nikaivaa kichwani. Mama mmoja akaniuliza, "Kijana, unaenda ku vita?"

"Ku arusi, mama."

"Njo bile bile," akasema, yaani ni yale yale, akaendelea kumenya karanga.

Tenke tulibadili treni. Nilipokuwa nangoja, nilijizoeza sura ya huzuni kwenye kitako cha ile sufuria. Ilinitoka vizuri sana.

Lubudi, jioni, Mama Kapinga, mama yake Ngalula, alinipokea mlangoni. "Ulikuya! Na huu uso wa kilio? Uko na njaa?" Nikasema si njaa. Nikala bukari, ugali wetu, sahani mbili.

Kesho yake, siku moja kabla ya harusi, katekista Tata Kaumba alitukusanya kanisani kusali. "Mufunge macho," alisema. "Muko Kana, ku arusi kwenye Yesu aligeuza mayi kuwa divai. Kila mutu ajiangalie: niko wapi? Niko nafanya nini?"

Nikafunga. Kana ilifanana sana na Lubudi. Bwana harusi alivaa abakosti, ile suti isiyo na tai. Bibi harusi alikuwa Ngalula. Sikumweka mimi, nilimkuta pale. Mara watu wakanong'onezana: divai imekwisha. Na mimi, nimeegemea ukuta, moyo ukaanza kucheza. Vizuri! Kasongo apate haya mbele ya wageni! Ndipo Mama wa Yesu akageuka, akanitazama mimi peke yangu. "Weye, uko nacheka nini?"

"Siko nacheka, Mama!" nikajibu, kwa sauti, kanisa zima likasikia.

Macho yote yakafunguka. Benchi la mbele, Ngalula aliziba mdomo na kitenge, akatetemeka kwa kicheko. Akicheka vile ni mzuri. Na mimi nilikuwa nimemtakia aibu siku yake.

"Ulikuwa wapi, Ilunga?" Tata Kaumba akauliza.

"Ku Kana, Tata."

"Rudia. Lakini safari hii utafute kazi. Arusi iko na kazi mingi."

Nikarudi. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kujaza mitungi maji.

Mchana, uani, Mama Kapinga alikuwa anapika munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga wa mahindi, na maji hayakutosha. "Nani ataenda kuchota mayi?" Nilisimama kabla hajamaliza. Mtoni na kurudi, mtoni na kurudi. Mara moja nilimwona Kasongo akimchekesha Ngalula mlangoni, ndoo nusu ikamwagikia miguu yangu. Nikarudi kujaza.

Siku ya harusi, Kasongo alikunywa, akapangusa midomo, akapiga kelele, "Munkoyo hii! Mama Kapinga, uliitoa wapi?" Kisha akanijazia kikombe mimi. "Kunywa, yaya Ilunga." Hata yeye! Nikanywa. Ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Katika treni ya kurudi nililala kichwa wazi. Sufuria ilibaki jikoni kwa Ngalula. Mkubwa wa karamu kule Kana hakujua kinywaji kimetoka wapi, ila waliochota maji walijua. Ndicho nilichojifunza Lubudi. Mkiona siwapungii mkono vizuri, ndugu zangu wa Kolwezi, si majivuno. Mabega bado yanajua maji yalikotoka.