Kivinjari Kisicho na Picha

Juzi fundi alifungua kompyuta kuukuu ofisini kwetu Braamfontein, na harufu ya vumbi lililoungua ikanirudisha utotoni, kwenye chumba chetu cha kupanga mtaa wa La Rochelle.

Tulikuwa tumesikia kuna mapigano kwetu Bukavu, alikobaki bibi yangu. Mama alisimama nyuma yangu, mikono ikinukia mafuta ya nywele ya saluni. Modemu, kifaa cha kutuunganisha na mtandao, ilipiga mayowe kwenye waya wa simu, kisha ukurasa wa habari ukaanza kufunguka, picha ikishuka kidogo kidogo. Mwenye nyumba alipoinua simu yake, iliyotumia waya huo huo, laini ilikatika. Tukaanza upya. Ikakatika tena.

Nilikuwa na kivinjari kingine, programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kutoka kwenye CD iliyokuja na gazeti. Chenyewe kiliweza kuzima picha na kuleta maneno tu. Baba mdogo, mwenye kompyuta, hakukitaka.

“Tumia hiki kinachotumiwa na watu wote,” alisema. “Ama toka kwenye kiti.”

“Sitoki, baba mdogo. Hicho kinaleta picha. Mama anataka habari.”

Alinishika bega. Nikang'ang'ania meza.

“Eish, huyu mtoto,” baba mdogo alilalamika.

“Mwache,” mama alisema.

Nikafungua changu. Maneno yakaja yote kwa pamoja. Nikasoma Kifaransa kwa sauti: mtaa wa bibi haukuguswa. Mama akaketi sakafuni, akafunika uso kwa kitenge.

Baba mdogo akataka nimpishe asome mwenyewe. Nikamwambia asimame pale pale nyuma yangu, nitamsomea.