Makochi ya Mwenyekiti

Nimechoka kuambiwa kwamba mume wangu ashindane. Ninafanya kazi ya mapokezi katika ghorofa moja huko Westlands, katika ofisi inayoandaa semina za biashara, na kila mara mgeni fulani husimama mbele ya ukumbi akatangaza kwamba mipaka ikifunguliwa, kila nchi itatengeneza kile inachokiweza zaidi, na sote tutanufaika. Watu hupiga makofi. Kisha huja mezani kwangu kuuliza choo kiko wapi.

Mimi si mjinga. Simu yangu haikutengenezwa Kenya, na koti ninalovaa kazini nililichagua kwenye rundo la mitumba Kangemi, tena nikalipigania. Sisemi bandari ifungwe. Ninachouliza ni mume wangu ashindane vipi, yeye na randa yake pale Waithaka, na kiwanda ambacho hata hajui kiko mji gani. Mbao zinapanda bei, stima inapotea katikati ya kazi, askari wa kaunti naye hakosi la kuuliza. Halafu mtu aliyevaa tai aniambie kwamba wote wawili wako kwenye uwanja mmoja!

Kazi yake ni kutengeneza makochi. Wakati ninaoukumbuka, karakana ilikuwa imebakiwa na tumaini moja tu. Mwenye ploti alitaka kujenga vyumba vya kupangisha, na alikuwa amesema wazi kwamba asipoona kazi ikiendelea pale, fundi ahame. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, mama mmoja jirani, alikuwa ameahidi kwamba makochi yake mapya ya watu saba yatatoka kwetu. Mume wangu akanunua mbao siku hiyo hiyo bila kudai malipo ya kwanza. Nilimgombeza.

"Huyo tunaomba naye kila wiki," akanijibu. "Nitaanzaje kumwitisha deposit?"

Ndivyo tulivyo. Mtu baki tunamdai bila aibu, lakini yule mnayeshika naye rozari, mdomo unakuwa mzito.

Jumuiya yetu huzunguka nyumba kwa nyumba. Zamu ya mwenyekiti ilipofika, tuliingia sebuleni kwake tukakuta makochi meupe yanang'aa, yametoka duka kubwa la Westlands, na kabla ya hapo yametoka melini. Alikuwa ameyatandika vitambaa vyake vya kufuma vilivyotiwa wanga, lakini ile ngozi ya bandia ilikuwa inateleza, kwa hiyo kila aliyeegemea aliinuka na kitambaa mgongoni.

"Zilikuwa kwa offer," alisema akitazama dirishani, "na wanakuletea mpaka kwa mlango."

Mume wangu akamwambia yamependeza. Nilimkanyaga mguu.

Tulikuwa tunaimba wimbo wa kumalizia wakati kochi la watu watatu lilipovunjika. Walikuwa wameketi wanne, kama kawaida ya jumuiya, maana huku hakuna atakayemwacha mwenzake asimame eti kochi ni la watu watatu. Akina mama wanne wakazama kwa pamoja, magoti juu, vitabu vya nyimbo mikononi. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, nikijua kwamba sasa mama huyu amejionea mwenyewe.

"Fundi," mwenyekiti akasema, "si utaniangalilia hii kesho? Ni kitu kidogo tu."

Mume wangu aliinama akachungulia chini. "Mama, hapa ndani hakuna mbao. Ni maranda imeshikanishwa na gundi."

"Basi si uweke mbao."

Akaweka. Alizikata zile alizonunua kwa ajili yake, akazifunga ndani ya kochi lile, mahali ambapo jicho lolote lisingeziona, akapewa chai na mkate na shukrani tele. Na oda yetu? Mwenyekiti aliona haina haja tena, kwa kuwa haya sasa yamekuwa imara. Alimsifu fundi kila mahali, hata kwa duka lililomuuzia. Nilitamani kugonga kichwa ukutani. Mwenye ploti hakuona kochi lolote likitengenezwa, akaleta mawe ya kujengea.

Duka lile ndilo lililompigia simu. Wateja walikuwa wanalalamika, likahitaji mtu wa kuzunguka majumbani akitia mbao ndani ya makochi yaliyobonyea. Wale wageni wa semina wangefurahi kweli: kwa akili zao, hapo ndipo nchi yetu ingekuwa imegundua inachokiweza zaidi. Mume wangu alikubali bila kelele, na utulivu wake ukaniudhi kuliko duka lenyewe.

Alirudi jioni na fulana mpya yenye nembo ya duka. Akaivaa, akasimama katikati ya chumba akijitazama kifuani.

"Mama, hii huwa inachomekewa, ama inaachwa tu nje?"

Mwanamume aliyejiajiri tangu kabla hatujaoana, aliyewafundisha kazi nusu ya mafundi wa barabara yetu, alikuwa ananiuliza namna ya kuvaa. Nilimwambia achomekee. Kisha nikaenda jikoni, nikafungua mfereji wote, ili asisikie nikilia.