Sukari ya Shosho

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Kwa hivyo msichana wangu alipolazwa Thika akiwa na miezi miwili, akihema juu juu, na daktari akatuambia ni sukari, wakwe zangu hawakuhangaika kutafuta sababu. Mama mkwe alikuwa na sukari tangu zamani, vidonge vyake akivihifadhi kwenye kopo la majani chai. Wifi yangu akasema pale pale wodini, "Si alibeba jina ya mathe? Sasa amebeba na ugonjwa." Daktari naye aliposikia sukari iko kwa familia, akaridhika.

Nikawa mtu wa sindano. Insulini tuliiweka kwenye friji ya soda ya mama wa duka, hapo kwa ploti yetu Ruiru, na kila asubuhi kabla ya uji nilimdunga mtoto huku akinitazama kama adui. Mapaja yakaota vinundu. Alipoanza shule akamwuliza nyanya yake mbele ya wageni, "Shosho, mbona ulinipa sukari yako?"

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Tangu hapo hakumwita tena "wajina", na Ruiru akaacha kuja. Nikimpigia simu ananiambia, "Wacha nisikaribie huyo mtoto, nimemharibia vya kutosha." Tulimzika mwaka jana, bado akijilaumu.

Juzi juzi kliniki ikapata daktari mgeni. Akauliza sukari ilianza mtoto akiwa na umri gani. Nilipomjibu akasema sukari ya wazee haianzi kwa mtoto anayenyonya. Tukapimwa damu sote watatu, mimi, mume wangu na mtoto.

Majibu yaliporudi alitueleza polepole. Seli za kongosho zina vijilango vya potasiamu. Sukari ikiingia kwenye seli, vijilango hivyo hufungwa, umeme wa seli hubadilika, milango ya kalsiamu hufunguka, na kalsiamu inayoingia ndiyo inayosukuma insulini nje. Vijilango vya binti yangu havifungiki. Insulini anayo, imejaa humo ndani, haipati amri ya kutoka. Na kasoro yenyewe hakuirithi kwa yeyote. Ilianza naye.

"Kuna vidonge vya kuvifunga," daktari akasema, akavitaja. Jina hilo nililijua vizuri sana. Lilikuwa kwenye lile kopo la majani chai miaka yote.

Walimpunguzia sindano kidogo kidogo wodini mpaka zikaisha. Nilifurahi, nisidanganye. Lakini wifi alipokuja kutupongeza nilimwekea chai kwa heshima tu. Roho yangu ilikuwa nyongo tupu.

Jana mtoto alikitazama kidonge kiganjani mwake.

"Mami, si hizi ni za Shosho?"

"Ni hizo hizo."

"Kwa hivyo si yeye alinipa sukari?"

"Si yeye."

"Sasa nani atamwambia?"

Nikampa maji ameze.