Kidonda Nilichokitibu kwa Kusimuliwa

Kharumwa nzima ilinijua kwa vidonda. Mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe, aliyeunguzwa na kemikali, aliyejikata kwa sururu, wote walipita mikononi mwangu pale zahanati nilipokuwa tabibu, nami nikijigamba kwamba kidonda nakijua kwa kukitupia jicho tu. Sifa hizo nilizipenda kuliko ilivyofaa.

Mke wa mwanangu alikuwa mgonjwa wa figo, akienda Mwanza kila wiki kusafishwa damu. Mwaka wa pili wa safari hizo akaacha kupiga magoti anaponiamkia. Alisema shikamoo akiwa amesimama, mkono ukutani. Nilinuna. Nikamwambia mke wangu kwamba binti ameanza kiburi cha mjini.

Kisha mwanangu akaja kuniambia mkewe ana vidonda kwenye mapaja yote mawili, vyeusi katikati, na ngozi ya pembeni imekuwa ngumu, rangi ya zambarau.

"Hata khanga ikimgusa analia. Maumivu ndiyo yalitangulia, vidonda vikaja baadaye. Njoo umtazame, baba."

"Yaya, hapana," nikamkatalia. "Baba mkwe atazame mapaja ya mkwewe? Umeyasikia wapi hayo?"

Nikamwandikia vidonge na dawa ya kupaka, kwa kusimuliwa tu. Kila mwanangu aliporudi kusema haviponi, nilibadilisha vidonge. Ningeweza kumtuma muuguzi wa kike, ambaye chumba chake cha kazi kilipakana na changu. Sikumtuma. Nilisema ni heshima, lakini ukweli ni kwamba sikutaka ajue kuna kidonda kilichonishinda. Naona aibu hadi leo kuyaandika haya.

Homa ilipompanda tukamkimbiza hospitali. Daktari alimfunua, akatazama, kisha akanivuta kando. Alisema madini ya chokaa mwilini yameziba mishipa midogo ya damu kwenye ngozi, jambo linalowapata baadhi ya watu ambao figo zao zimekufa, na kwamba maumivu makali kabla ya kidonda yangetosha kumshtua tabibu. Tungewahi, pengine angepona. Sasa uozo umeshaingia kwenye damu.

Mkwe wangu alikuwa amebakiza siku mbili za kuishi nilipoketi kando ya kitanda chake. Nikamwomba radhi, nikasema nilichelewa kwa kumstahi.



"Mimi ndiye niliyekuwa namtuma mume wangu akuite, baba," akasema. "Mara tatu."