Redio Juu ya Kinu

"Ninyi ngojeni barua zenu," Atuganile aliwaambia wanawake wote kisimani Iyunga, mwaka 1956. "Mimi Jumamosi namsikia mume wangu kwa masikio yangu haya!"

Mumewe, Asukile, alikuwa mwaka wa tatu machimboni Rodesia. Aliandika kwamba watu wa redio wamekuja kuchukua salamu za wachimbaji, naye ametia yake. Redio nyumbani ilikuwepo. Tatizo ni mwenye redio: baba mkwe, mzee Sedekia. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba wa mumewe, haingii nyumba aliyomo, hata jina lake halitamki. Wamisionari walihubiri mpaka sauti zikakauka. Watu wakabatizwa, wakapewa majina mapya, wakaendelea kukwepana njiani.

Jumamosi jua likazama, na stesheni ya Rodesia, ambayo mchana haipatikani hata uilambe redio, ikaanza kusikika. Mzee akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Akaitoa redio uani na betri yake, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akaitafuta stesheni mpaka akaipata. Kisha akaenda kukaa migombani, akageuza mgongo. Sauti ya mwanawe akamwachia mkwewe.

Atuganile akatoka jikoni, akachuchumaa. Zikapita salamu za huyu na yule. Mara sauti ikaanza kuzama, kama mtu anayeteremka bondeni huku anaongea. Kile kitufe cha kuzungushia stesheni hakuwahi kukigusa maishani.

"Mama, inakimbia!" alimwambia mama mkwe, Damari, aliyesimama mlangoni.

"Baba Asukile!" Damari akapaza sauti. "Inakimbia!"

"Mwambie azungushe kushoto! Polepole, kama anatoa mwiba!"

"Anasema kushoto, kama unatoa mwiba!"

"Nimesikia, mama, mimi si kiziwi!"

Akazungusha. Akapata Mzungu anaimba. Akarudisha, akapata mvumo kama mvua juu ya bati. Kidogo tena, ikaja sauti ya mwanamume, mbali, kwa Kinyakyusa: "...na ninyi nyote mliobaki nyumbani." Basi. Akafuata mwingine, na lugha nyingine.

"Ni yeye?" Damari aliuliza.

"Ni yeye."

"Jina umelisikia?"

"Nimesikia anavyovuta pumzi, mama."

Kisimani alipoulizwa, alisema salamu zilikuwa nyingi mno kuzirudia. Kila Jumamosi mzee aliitoa redio, akaenda migombani. Na kila Jumamosi Atuganile aliiacha iseme mpaka mwisho, hata Kibemba asichokijua, asije akapitwa. Baada ya miezi mitatu betri ikachoka; redio ikawa inanong'ona, kisha ikanyamaza. Betri mpya, dukani Mbeya, ilikuwa shilingi ishirini na nane, karibu ujira wa kibarua wa mwezi mzima.