Fundi Asiyejua Sura

Fundi viatu huyu hakutazami usoni. Ukiingia kibandani kwake anakukaribisha akiwa ameinama, kisha anakuomba utembee hadi mlangoni na kurudi, naye anafumba macho akisikiliza. Mwalimu, aliyekuwa akiumwa na uvungu wa nyayo mwaka wa sita sasa, siku ya kwanza aliona ni kichekesho. Lakini dole gumba la fundi, gumu kama pembe, lilimpapasa unyayo mpaka likapata penyewe panapouma, akaruka. Siku ya tatu akapewa soli za ndani za mpira, zenye kinundu cha kuinua uvungu, na wiki nzima akafundisha amesimama bila kuegemea meza.

Juzi alirudi amefura. "Fundi, soli zako bure kabisa! Maumivu yote yamerudi."

"Tembea kidogo, mwalimu."

Hata mlangoni hajafika, fundi akaanza kucheka. "Uliziosha, siyo?"

"Niliziosha. Kosa?"

"Si kosa. Ila ya kulia umeirudisha kwenye kiatu cha kushoto."

Mwalimu akavua viatu, akachungulia, hasira zikamwishia mdomoni.

Jana walipishana kichochoroni. Mwalimu akamsalimia kwa bashasha zote. Fundi akaitikia kama anavyomwitikia mtu baki, akapita zake. Hatua tatu tu, akasimama, akafumba macho, kisha akageuka akipaza sauti:

"Aa, mwalimu! Mbona leo soli umeziacha nyumbani?"