Ngamia wa Kitovu Changu

Chombo cha maziwa kikisafishwa kwa kaa la moto hubaki na harufu ya moshi inayokaa kooni hata baada ya kunywa. Harufu hiyo hunirudisha malishoni, mbali kidogo na Balambala, kiangazi kile tulipomzika Baba. Nilikuwa msichana wa kuchunga mbuzi wadogo, lakini nilikuwa na ngamia wangu mwenyewe, Deero, jike mweupe mwenye miguu mirefu. Nilipozaliwa Baba alimchagua akiwa ndama, na kipande cha kitovu changu kilichokauka kikafungwa mkiani mwake. Kwetu, mtoto aliyefungiwa kitovu hivyo ndiye mwenye mnyama yule na wote atakaowazaa. Nililijua hilo kama nilivyojua jina langu.

Siku za maombolezo zilipopita, Adeer Hassan, kaka yake Baba, alimleta sheikh agawe mifugo iliyosalia baada ya ukame. Mama alikuwa amekataa kuolewa naye, ingawa desturi ilimtaka mjane aolewe na ndugu wa marehemu, na tangu hapo Adeer hakumtazama usoni. Sheikh akaeleza kwamba alichokitoa marehemu akiwa hai si urithi, mradi awepo shahidi.

"Deero ni wa mtoto," Mama akasema.

"Chapa ya shingoni mwake ni ya nani, si ya marehemu?" Adeer akauliza. "Na mtoto wa kike ngamia wa nini? Kesho ataolewa, amswage kwa watu."

"Na wewe kesho utazikwa, Hassan. Utamswaga wapi?"

Wazee waliokuja na sheikh wakacheka. Adeer hakucheka.

Shahidi alikuwa mmoja tu: ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, aliyekifunga kitovu kile kwa mikono yake. Nilikuwa nimeketi ubavuni pake. Sheikh alipomuuliza, aliushika mkono wangu. Baba alikuwa ameshakwenda, mwana aliyembakia alikuwa Adeer, na mlo wake ungetoka kwa Adeer mpaka afe.

"Kitovu nilikikata," akasema. "Ngamia sikumwona."

Hakuuachia mkono wangu.

Basi Deero akaingia kwenye urithi, katika fungu la mdogo wangu Abdi aliyekuwa bado ananyonya, na fungu hilo akabaki nalo Adeer mpaka mtoto akue. Asubuhi tulipokuwa tunaondoka kwenda Garissa, ayeeyo alituletea maziwa ya Deero yenye joto. Mama hakuyapokea. "Mpelekee mwenye ngamia," alisema, na kile chombo kikapita mbele ya uso wangu kikirudi. Abdi alipokuwa kijana alikwenda kudai ngamia wake. Aliambiwa ukame uliwamaliza.

Nimeishi Wajir, Isiolo, Nairobi, na kila mahali nimehama kabla ya majirani kunizoea. Wanangu walizaliwa katika vyumba vya kupanga, na vitovu vyao sijui vilitupwa wapi. Mwaka huu tumemzika Mama mjini Garissa. Baada ya dua, mimi na Abdi tuliketi chumbani mwa Mama, kwenye mkeka, kando ya birika na shuka zake mbili.

"Chukua unachotaka, abbaayo," Abdi akaniambia. "Mimi sina haja ya kitu, dada yangu."

Sheikh hakuitwa, wala hakuna aliyeulizwa alishuhudia nini. Tulimaliza kabla chai haijapoa. Nikatoka nje na birika mkononi, nikitamani mtu aje kuninyang'anya, nami safari hii nisiliachie.